Injini ya Land Rover 109 ya Masasi: orijino, ya enzi za karanga, au ya kuunganisha?

Swali nalifupisha maana lilikuja refu: "Shikamoo fundi. Niko Mingoyo, Lindi. Nimepata Land Rover 109 huko Masasi, wanauza watoto wa marehemu. Wanasema mzee wao aliinunua misheni, na misheni iliipata kwa Waingereza wa mradi wa karanga Nachingwea. Injini ni dizeli silinda nne, imefanyiwa oveholi mwaka juzi, na wanaapa kwamba ndo ile ile iliyozaliwa na gari. Kadi inasema petroli. Namba ya chesisi inaanza na 252. Namba ya injini nimesugua nikaona 10J, zinazofuata hazisomeki, kuna mikwaruzo. Fundi wangu kapima akasema hii ni ya lita 2.5 na sio 2.25. Picha tano nimekutumia. Naomba kujua hii injini imetoka wapi kabla sijatoa hela, maana hela yenyewe ya korosho na mke wangu ananiangalia tu."

Marahaba mdogo wangu, msalimie sana shemeji na mwambie aendelee kukuangalia hivyo hivyo mpaka umalize kusoma hapa.

Jibu la haraka kwanza, alafu ntaeleza. Injini ni ya Land Rover kweli, hapo hawajakudanganya. Ila sio iliyozaliwa na hiyo gari, na habari ya karanga futa kabisa. Gari ni ya miaka ya 60, bloku (kiwiliwili cha injini) kwa hiyo 10J yako ni ya miaka ya 80, na hedi (kichwa kinachokaa juu ya bloku) kwa picha ya nne nina wasiwasi nayo ni ya mahali pengine tena. Yaani unachoangalia pale ni familia ya mama mmoja na baba watatu, na wote wamepakwa rangi moja wafanane.

Nianze na karanga maana hiyo stori imeuza magari mengi huku kusini kuliko hata rangi mpya. Mradi wa karanga, ule wa Waingereza kulima karanga Tanganyika, ulianza 1947 na serikali ya Uingereza ikaufunga 1951. Land Rover yenyewe dunia iliiona mara ya kwanza kwenye maonesho ya magari Amsterdam mwezi wa nne 1948, gari fupi ya inchi 80 kati ya ekseli na ekseli, injini ya petroli ya 1.6. Dizeli haikuwepo hata kwa dawa, dizeli ya kwanza ya Land Rover ilikuwa ya lita 2.0 na ilitoka 1957. Petroli ya 2.25 ikaja 1958 na toleo la pili la gari, Series II, na dizeli ya 2.25 ikaja na lililofuata, Series IIA, mwaka 1961. Sasa we niambie, Mwingereza wa karanga alishafunga mabegi, matrekta yao yale ya kubadilisha vifaru vya Sherman yalishakuwa skrepa, miaka kumi baadae ndo inatoka injini ya namna hii, aliiendesha lini? Na hata ukiacha injini, gari ya inchi 109 nayo haikuwepo wakati wa karanga. Kwa hyo mtu akikwambia karanga mwangalie kwanza urefu wa gari, kabla hata hujafungua boneti. Sisemi watoto wa marehemu ni waongo, inawezekana mzee mwenyewe aliambiwa hivyo na aliyemuuzia, na huyo naye aliambiwa. Hizi stori zinarithiwa kama gari yenyewe.

Haya, chesisi. 252 ni namba nzuri sana kuwa nayo kwa sababu inaongea. Kwa Series IIA, zilizotengenezwa kuanzia 1961 mpaka 1971, tarakimu tatu za mwanzo zinakwambia gari lilitoka kiwandani likiwa nini: 252 ni 109 ya petroli, usukani kulia, ya kuuzwa nje ya Uingereza. Ingekuwa 109 ya dizeli ya soko hilo hilo ingeanza na 277. Gari fupi ya inchi 88 ya petroli ingekuwa 242, na ya dizeli 272. Mwisho wa namba kuna herufi moja, iangalie, inaonesha marekebisho ya kiwandani kadri miaka ilivyoenda, A ni za mwanzo alafu zinapanda. Sasa chesisi yako inasema nilizaliwa petroli na kadi nayo inasema petroli, mashahidi wawili wasiojuana wamesema neno moja, na aliyebaki anayesema tofauti ni muuzaji peke yake. Ila hakikisha hiyo 252 umeisoma kwenye chuma cha chesisi chenyewe, mbele upande wa kulia pale springi inaposhikiliwa, sio kwenye kibati cha ndani tu. Kibati kinashikwa na riveti mbili tatu, nshaona kibati cha gari ya Newala kimefungwa kwenye gari ya Ruangwa na mwenye gari wala habari hana.

Twende kwenye 10J. Kwenye Land Rover za miaka ya 80 herufi na namba za mwanzo ndo kabila la injini. 10J ni dizeli ya 2.25 yenye meni tano (beringi kuu zinazoshika kranki shafti, ule mti unaozungushwa na pistoni), 11H ni petroli ya 2.25 ya meni tano, 12J ni dizeli ya 2.5, 17H petroli ya 2.5, 19J dizeli ya 2.5 ya tabo. Kabla ya 1980 injini zote za 2.25 zilikuwa na meni tatu tu, 1980 ndo wakaongeza zikawa tano. Hapo ndo nakupa pole na hongera kwa pamoja. Pole kwa sababu injini imepishana na gari si chini ya miaka tisa, kwa hyo neno orijino limekufa. Hongera kwa sababu dizeli ya meni tatu ilikuwa na ugonjwa wake wa kukata kranki shafti, na sisi huku tulikata nyingi tu kwa kupandisha mizigo ile milima ya Makonde, na hii ya meni tano ni ngumu zaidi. Kwa mtu anayetaka kufanya kazi na gari mimi ningemchagulia 10J kuliko dizeli ya zamani ya gari ile ile. Kwa mtu anayetaka gari ya maonesho ni kinyume. We hujaniambia uko wapi hapo.

Na kwa nini iliingia kirahisi hivyo mpaka hakuna aliyeshtuka? Kwa sababu bloku ya petroli na ya dizeli za 2.25 ni ndugu wa tumbo moja, giaboksi ile ile inakubali, maundingi pale pale, yaani fundi mwenye chenibloku na vijana wawili anatoa petroli asubuhi, na kesho yake jioni dizeli inaunguruma. Miaka ile kabla ya daraja la Mkapa la Rufiji kufunguliwa 2003, masika ikishika kusini tulikuwa kisiwa, na dizeli ilipatikana maana malori na mashine za kusaga zilihitaji, petroli ilikuwa ya kubahatisha. Watu wengi sana walitoa petroli wakaweka dizeli na wala hawakukumbuka kadi. Mzee wa watu kafanya kama walivyofanya wenzake wote.

Sasa fundi wako na 2.5 yake. Usimcheke, ila muulize alipima nini. Nahisi alipima mdomo wa silinda akapata tisini na nusu milimita hivi, akaenda kwenye simu akaona 2.5 ina 90.47 akasema hii hapa. Tatizo ni kwamba 2.25 nayo ni 90.47 hiyo hiyo! Land Rover walipotaka 2.5 hawakupanua silinda, waliongeza safari ya pistoni, 2.25 pistoni inatembea milimita 88.9 na 2.5 inatembea 97. Kwa hyo kupima mdomo wa silinda hapa ni sawa na kupima kiuno ili ujue urefu wa mtu. Na asije akakushawishi apime safari kwa kupitisha waya kwenye tundu la nozeli, hii dizeli ina chemba yake ndogo ya kuwakia ndani ya hedi, waya haushuki mpaka kwenye pistoni, atakupa namba ya ajabu au atakuachia kipande cha waya humo ndani. Kupima safari ni mpaka hedi itoke.

Lakini hata kutoa hedi huna haja kwa swali hili, picha yako ya pili imeshajibu. Dizeli ya 2.5 inaendeshwa na taimingi belti na pampu ya nozeli imelala mbele, inazungushwa na hiyo belti. Hii ya 2.25 ni taimingi cheni ndani ya kava la chuma, na pampu imesimama wima ubavuni mwa bloku, inazungushwa na gia inayotoka kwenye kamshafti, mahali pale pale ambapo kwenye petroli distributa inakaa. Kwenye picha yako pampu imesimama kama mlinzi. Ni 2.25, kesi imefungwa.

Kesi nyingine bado iko wazi, nayo ni hiyo mikwaruzo.

Namba ya injini kwenye hizi 2.25 imegongwa mbele ya bloku upande wa kushoto ukiwa umekaa kwenye siti, karibu na mdomo wa kwanza wa eksozi. Pale panashika masizi, mafuta na kutu, kwa hyo mafundi wengi wanapasafisha, na kwa bahati mbaya wengi wanapasafisha na grenda. Grenda inakula chuma, namba imegongwa nusu milimita tu, ukipitisha mara mbili imeondoka. Kwa hyo mikwaruzo inaweza kuwa ni ujinga wa usafi tu. Inaweza pia kuwa mtu alikuwa na sababu ya kutotaka isomeke. Kutofautisha ndo kazi yenyewe na picha yako ya kwanza umeipiga na flashi moja kwa moja, flashi inafuta kila kitu. Fanya hivi: lowesha pale na dizeli uache nusu saa, sugua kwa wayabrashi ya mkono, sio ya mashine, futa pakauke, alafu paka chaki nyeupe uifute juu juu kwa kidole ibaki kwenye mifereji ya namba tu. Subiri jioni, zima flashi, mtu ashike tochi pembeni kabisa mwanga ulale juu ya chuma, ndo upige picha. Ukifanya hivyo hata namba iliyoliwa nusu inaamka.

Alafu iangalie kama unavyoangalia mwandiko wa mtu. Za kiwandani urefu wake ni mmoja, zimekaa kwenye mstari, kina chake kinalingana. Za uchochoroni moja imeinama, nane imezama kuliko sita, na mara nyingi chuma cha chini yake kinang'aa au kina mistari ya msasa wakati chuma cha pembeni kina vishimo vishimo vya asili. Namba mpya juu ya chuma kilichonolewa ni kitu cha kukukimbiza hapo. Sitaki kukutisha ila injini yenye namba iliyofutwa makusudi inaweza kuwa ya wizi, na siku ya ukaguzi wa polisi utakayekuwa umesimama pale ni wewe, watoto wa marehemu watakuwa nyumbani Masasi wanakunywa chai.

Hapa ndo nifike kwenye kitu ambacho nataka ukishike kuliko vyote. Watu wakitaka kujua injini imetoka wapi wanakimbilia namba, kana kwamba namba ni cheti cha kuzaliwa. Namba imegongwa kwa nyundo, na nyundo kila mtu anayo. Kuna maandishi mengine ambayo nyundo haiwezi kuyaandika, yale yaliyonyanyuka juu ya chuma, yaliyosubiwa pamoja na bloku yenyewe likiwa bado uji wa moto. Hayo ndo ya kuaminika. Na kila kipande kina yake: bloku yake, hedi yake, manifodi yake, hauzingi ya flaiwili yake. Injini iliyofanyiwa oveholi haina asili moja, ina asili nyingi kadri ya vipande vyake, kwa hyo usiulize injini imetoka wapi, uliza bloku limetoka wapi, alafu hedi, alafu kranki.

Kwenye Land Rover namba za vipande zina umri wake. Za zamani ni tarakimu tupu, sita mara nyingi, hazina herufi. Kwenye miaka ya 70 zikaanza kuja na herufi, ERC kwa vitu vya injini, na za miaka ya 80 utakuta ETC. Kwenye picha ya nne, hedi, naona tarakimu tupu bila herufi. Ndo maana nikasema nina wasiwasi. Ila niwe mkweli, moldi ya kiwandani ikishatengenezwa inaweza kutumika miaka na miaka na namba yake ile ile, kwa hyo namba ya kusubiwa inakwambia kipande hakiwezi kuwa cha zamani kuliko muundo huo, haikwambii kimetengenezwa lini. Hedi ya tarakimu tupu juu ya bloku la 10J kwangu ni dalili tu. Ningeiunganisha na dalili nyingine: rangi. Kwaruza kidogo mahali pa kujificha, chini ya pampu ya maji au nyuma ya bracketi ya alteneta, kwa ncha ya kisu. Hesabu matabaka. Kama bloku lina matabaka matatu na hedi lina moja tu, basi hawajaishi pamoja muda mrefu. Mbinu hii ni bure na imenisaidia kuliko vitabu.

Usipoteze muda na vitu vya pembeni. Stata, alteneta, pampu ya nozeli, vina vibati vizuri vimeandikwa majina ya kampuni, Lucas na CAV, na vingine vimegongwa hadi mwezi na mwaka, vinapendeza kusoma ila vinahama injini hadi injini kama kuku wa jirani. Mtu mmoja wa hapa Magomeni ya Mtwara aliwahi kunibishia injini yake ni ya Japani kwa sababu alteneta imeandikwa Denso.

Kitu cha pembeni chenye maana ni boliti. Nenda na spana za inchi na za milimita zote. Land Rover ya umri huo inataka spana za inchi, nusu inchi na tisa juu ya kumi na sita ndo utazitumia sana. Nusu inchi ni milimita 12.7, kwa hyo spana 13 inaingia inacheza. Tisa juu ya kumi na sita ni 14.29, spana 14 inagoma. Sasa ukikuta boliti za hedi ni za inchi, za sampu (karai la mafuta chini ya injini) ni za inchi, alafu ghafla za kava la mbele zinakaa kwenye 12 na 14 vizuri kabisa bila kucheza, ujue hapo kuna mtu kapita na tepu akakata uzi upya akaweka boliti za Toyota. Sio dhambi. Ila inakuonesha wapi injini ilifunguliwa na mtu wa haraka.

Nije kwenye oveholi ya mwaka juzi, hapa nitakaa kidogo maana pana maumivu yangu. Miaka ya 90 nilinunua injini ya petroli ya 2.25, niliambiwa imetoka Uingereza ikiwa imejengwa upya, rangi kama chungwa bivu, namba inasomeka safi, risiti ipo. Nikaiamini kwa sababu ya namba. Nimeifunga kwenye gari ya mteja, gari linatikisika kama mtu mwenye malaria. Nikafungua. Pistoni tatu zimeandikwa kichwani ovasaizi 40 (kubwa kuliko za kiwandani), ya nne imeandikwa STD (saizi ya kiwandani) na silinda yake imepigwa silivu (bomba jipya ndani). Beringi za meni ukizigeuza mgongo kampuni mbili tofauti, moja imeandikwa 010 nyingine 020, na hiyo ya 020 wameizungushia kipande cha bati la kopo ili ibane. Bati la kopo, ndugu yangu! Ile injini ilijengwa na mtu kutoka kwenye injini mbili zilizokufa, na Uingereza haijawahi kuiona tangu ilipotoka ikiwa mpya. Mteja nilimlipa mimi.

Kwa hyo wewe kabla ya kutoa hela waombe wakuruhusu kushusha sampu. Ni saa moja na nusu tu kwa fundi asiyepiga soga. Ukiwa chini hesabu kepu za meni, vile vifuniko vinavyobana beringi kuu. Zikiwa tano bloku ni la meni tano kweli na 10J yako inasimama hata kama zilizobaki zimeliwa. Zikiwa tatu basi mtu kagonga 10J kwenye bloku la zamani, na hapo funga sampu, shukuru kwa chai, ondoka. Hiki ndo kipimo kimoja ambacho nyundo haiwezi kukidanganya na ndo maana nakisisitiza kuliko picha zote tano.

Kama ni tano, fungua kepu moja ya meni na moja ya bigendi (pale mkono wa pistoni unaposhika kranki), toa beringi, soma mgongoni. Utakuta jina la mtengenezaji na saizi. STD maana yake kranki haijawahi kuchongwa, 010 imechongwa sehemu kumi kati ya elfu moja za inchi, 020 sehemu ishirini na kuendelea. Sasa walinganishe na maneno yao: waulize oveholi ilifanyika wapi, mtu wa mashine alichonga kranki saizi gani. Wakisema ilichongwa na wewe ukakuta STD, basi ama kranki imebadilishwa ikawekwa nyingine ama oveholi ilikuwa ringi na gasketi na rangi, ambayo huku ndo oveholi ya kawaida kabisa tusidanganyane. Pistoni nazo zimeandikwa kichwani lakini hizo ni mpaka hedi itoke, usiwaombe hilo watakukatalia na mimi ningekukatalia. Kama hedi itatoka siku nyingine kwa sababu nyingine, saizi zake ziko hivi: silinda isiyochongwa ni 90.47, ovasaizi 20 inakuwa kama 90.98, ovasaizi 40 kama 91.49. Ukikuta ya 40 ujue baada ya hapo ni silivu.

Kuna swali dogo uliuliza mwishoni, kama injini inaweza kuwa imetoka Kenya au kwingine badala ya kuja moja kwa moja. Inaweza. Land Rover zilifungwa Thika kuanzia miaka ya 70, na Hispania kiwanda cha Santana pale Linares kilitengeneza Land Rover kwa leseni tangu 1958, kwa hyo sio kila chuma cha Land Rover kimetoka kiwanda cha Solihull, Uingereza. Ila safari ya bloku baada ya kutoka kiwandani huwezi kuisoma kwenye bloku, isipokuwa kidogo tu kwenye maji. Toa mpira wa juu wa rejeta uchungulie, na uangalie zile plagi za bati za ubavuni mwa bloku. Injini iliyoishi huku pwani ikinyweshwa maji ya visima vyetu vya Mikindani na Shangani, yenye chumvi, inakuwa na ugando mweupe na plagi zimeliwa kutoka ndani. Ya bara inakuwa na kutu nyekundu tu. Nimewahi kumwambia mtu injini yake imeishi pwani akadhani mimi mganga.

Ukitaka kujua gari yako ilizaliwa na injini ipi hasa, hilo linajulikana. Madaftari ya kiwanda yametunzwa kwenye jumba la makumbusho ya magari ya Uingereza pale Gaydon, unawalipa, unawapa namba ya chesisi, wanakupa cheti chenye namba ya injini iliyotoka nayo, tarehe ya kutengenezwa na nchi au wakala iliyopelekwa. Kwa gari ya kazi sioni haja. Kwa ya kutunza nalipia hata leo, na hapo ndo utajua pia kama ilikuja kwetu au ilipelekwa kwingine kwanza.

Karatasi sasa, kwa kifupi maana mimi sio mwanasheria. Jina kwenye kadi ni la marehemu, kwa hyo anayeweza kukuuzia ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, sio mtoto mkubwa kwa sababu ni mkubwa. Na kadi ya TRA inasema petroli na namba ya injini ambayo haipo tena, hao wauzaji ndo warekebishe kwanza, kwa gharama yao, alafu ndo mhamishe umiliki. Watakwambia utarekebisha mwenyewe baadae ni kitu kidogo. Kama ni kitu kidogo wakifanye wao.

Mimi ningeinunua? Kama kepu ni tano, namba ikiamka kwenye chaki na haijagongwa upya, na karatasi zimenyooka, ndio, ila kwa bei ya gari ya kazi iliyochanganywa, sio kwa bei ya gari ya kihistoria ya karanga. Hiyo karanga uitumie wakati wa kupatana bei, uwatajie 1951 na 1961 taratibu tu bila kumkosea marehemu heshima.

Picha nitumie tena ukishashusha sampu, migongo ya beringi yote uliyotoa na sio moja, na usifute mafuta kwanza, nataka kuona rangi yake. Na beba gasketi mpya ya sampu kutoka Lindi au huku Mtwara, usitegemee kuipata Masasi siku hiyo, maana wakikurudishia kwa silikoni peke yake itavuja kabla hujafika Ndanda na watasema wewe ndo umeharibu.